Shangazi, nichague dola za Ulaya au msumari wa Kocha?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni bondia wa ngumi za kulipwa, naishi Unga Limited hapa Arusha. Nina miaka 31, mke na watoto wawili. Mchana naendesha bodaboda, kijiwe chetu kiko karibu na soko la Kilombero, jioni nafanya mazoezi Ngarenaro. Tunaita jimu, lakini ni chumba nyuma ya gereji, mabati juu, mfuko mmoja wa kupiga na matairi. Nimecheza mapambano 25, nimeshinda 18, nimepoteza 6, sare moja.

Shida yangu ni kwamba nimepata mapambano mawili kwa wakati mmoja na yamepishana siku tisa. Siwezi kucheza yote.

La kwanza ni nje, Ulaya. Kuna wakala wa Dar amenipigia simu. Huko kuna chalii hajawahi kupoteza, mapambano 14, 11 kati ya hayo ameshinda kwa KO, yaani kumwangusha mtu asiinuke. Aliyekuwa acheze naye ameumia, wanatafuta mtu wa kuziba nafasi. Wanalipa dola 8,000. Shangazi, hiyo ni karibu milioni 20, pesa ambayo sijawahi kuishika tangu nizaliwe. Raundi nane, wiki tano kutoka leo. Ni uzito wa kilo 66 na mimi huwa nacheza 61, lakini wakala anasema hilo ni zuri, safari hii sitajikausha ili kupunguza kilo, nitakula tu vizuri. Nina kiwanja Muriet, nyumba imefika kwenye lenta na imesimama hapo miaka minne. Nikipata hizo napaua, na inabaki ya kuanzia bajaji.

La pili ni hapa hapa nyumbani. Mkanda wa taifa, uzito wangu wa kilo 61, na bondia wa Pasua, Moshi. Huyu alinishinda mwaka 2021 kule kwao kwa pointi. Hata watu wake walizomea majaji. Tangu siku ile sijapata amani. Nikipaki pikipiki mtu ananiuliza, "Unamrudia lini yule?" Nikienda kunyoa, swali ni hilo hilo. Nikimpiga hapa mbele ya machalii wa Unga, hata nikiacha ngumi kesho yake nitakuwa nimemaliza. Malipo ni milioni moja na nusu, na asilimia kidogo kwenye tiketi nitakazouza mwenyewe.

Halafu kuna Kocha. Ana miaka 66, sukari imemla macho. Alinichukua nikiwa na miaka 13, nikiokota vyuma chakavu, na hajawahi kunidai hata shilingi ya mazoezi. Yeye enzi zake hakuwahi kupewa pambano la mkanda. Miaka kumi na moja iliyopita aligonga msumari ukutani pale jimu, akasema hapa ndipo mkanda utakapokaa. Mpaka leo tunatundika kamba za kurukia. Nilipomwambia habari ya Ulaya alikaa kimya, na siku mbili zilizofuata hakuja mazoezini. Najua nimemvunja moyo.

Rafiki zangu wanasema nisiwe mjinga, bondia Mwakinyo naye alikwenda Uingereza hakuna anayemjua akarudi staa. Mke wangu anauza mitumba, nilipomuuliza akanijibu, "Amua wewe. Sitaki siku moja uniambie nilikuzuia." Mimi mwenyewe nikilala naona dola, nikiamka naona mkanda. Pambano langu la mwisho, miezi mitatu iliyopita Dar, nilipigwa KO ya raundi ya tano, nikazima kidogo, ila hayo ni mambo ya kazi. Siku hizi asubuhi kichwa huwa kizito mpaka ninywe chai, basi, kinaachia.

Wakala anataka jibu Ijumaa. Shangazi, mtu anapigania tumbo au anapigania jina?

Chalii wa Unga, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma ulivyoipanga wewe, pesa upande huu, jina upande ule, na wewe katikati unaangalia saa. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari mambo mawili ambayo umeyapita mbio kama bodaboda anavyoruka tuta usiku. Kilo 66. Na kichwa kizito mpaka unywe chai. Mara ya tatu nilisoma tu ya msumari, nikainuka nikaenda kuteka maji.

Niruhusu nianzie ulikopita mbio, maana kabla ya kujibu swali lako la tumbo au jina, kuna swali la nani hasa atapanda huo ulingo.

Unasema ulizima "kidogo". Mwanangu, kuzima ni kuzima. Bondia akipigwa KO, tume nyingi za ngumi duniani humzuia asipigane siku 60 au 90, na wengine hawamruhusu kurudi mpaka apimwe ubongo. Sababu si uoga. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona unaweza kuvimba au kuvuja damu, na konde la pili si lazima liwe kubwa. Miezi mitatu imepita, na bado kila asubuhi kichwa kinakupa taarifa. Pengine ni usingizi mbaya, pengine ni presha, pengine ni moshi wa pikipiki unaouvuta kutwa nzima. Mimi si daktari na sitajifanya. Ninachojua ni kwamba chai si kipimo. Nenda hospitali ya Mount Meru ukaeleze hivyo ulivyonieleza, wakiona kuna haja watakupeleka hospitali ya KCMC hapo Moshi upigwe picha ya kichwa. Na ueleze yote, usipunguze kama ulivyonipunguzia mimi. Hili silihesabu kama ushauri wa kuchagua pambano. Lifanye hata kama ungekuwa unaacha ngumi leo. Na jibu likiwa baya, ujue linafuta yote mawili, la huku na la huko, kwa hiyo ni afadhali lije kabla ya Ijumaa ya wakala kuliko baada yake.

Sasa kilo. Kutoka 61 hadi 66 si chakula cha wiki tano, ni kupanda madaraja mawili. Wewe unapima leo, mnapigana kesho. Huyo kijana atajikausha afike 66, usiku atakunywa na kula, na kesho yake anaweza kupanda ulingoni akiwa na kilo 70 na zaidi. Wewe utakuwa na 66 zako zile zile, nyingine za ugali na maharage ulizoongeza kwa haraka. Jiulize kwa nini, kati ya mabondia wote wa kilo 66 waliojaa Tanzania na kwingineko, wamempigia simu wa kilo 61 ambaye miezi mitatu nyuma alilala. Wakala amekueleza raha ya kula vizuri. Mwombe na sentensi inayofuata.

Nije kwenye swali lako.

Nilikuwa msichana wa shule hapa Kaloleni wakati Muhammad Ali alipopigana na George Foreman kule Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Walipanda ulingoni saa kumi usiku kwa saa za kule, kwetu huku kumekucha. Habari ilipofika redioni kwamba Foreman ameanguka raundi ya nane, baba yangu, ambaye hakuwahi kupiga hata mlango kwa nguvu, alicheza uani na fulana ya kulalia. Nilichelewa namba nikachapwa, sikujali. Nakukumbusha usiku ule kwa sababu watu husimulia jina tu. Kila mmoja wao alikuwa ameahidiwa dola milioni tano, fungu ambalo ngumi hazikuwa zimewahi kuliona. Tumbo na jina vilikuja kwenye mfuko mmoja. Kwa hiyo nisingependa uamini kwamba dunia imeumbwa hivi, aliyechukua pesa ameuza jina na aliyechukua jina amekubali kulala njaa. Wakati mwingine ndivyo, wakati mwingine tumeambiwa tu na watu wanaofaidika tukiamini.

Lakini Ali huyo huyo, tarehe 2 Oktoba 1980, ana miaka 38, alirudi kupigana na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa anampa mazoezi. Aliahidiwa dola milioni nane, zaidi ya Kinshasa. Alipigwa raundi kumi, kona yake, yaani kocha wake, ikakataa asiinuke kwa ya kumi na moja. Na zile milioni nane hazikumfikia zote, alikatwa zaidi ya milioni moja. Ali, mwanangu, mwenye mawakili na dunia nzima ikimtazama! Miaka minne baadaye madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Siwezi kukuambia ni konde gani la usiku gani lilifanya nini. Nataka tu uone kwamba mtu mmoja anaweza kukutana na hundi kubwa mara mbili, na hundi hizo zisifanane hata kidogo.

Basi tuziangalie hizi dola zako. Umeandika 8,000, kisha hapo hapo ukapaua nyumba. Mkataba umeuona? Wakala akichukua robo, zimeondoka 2,000. Asilimia kumi ya Kocha, kama mna desturi hiyo, 800. Nchi nyingi hukata kodi ya mgeni kabla hujaigusa bahasha. Viza, vipimo, nauli ya mtu wa kona, nani analipa? Nisishangae ukirudi Arusha na nusu. Nusu bado ni pesa, silidharau bati hata moja la nyumba yako. Ila utalinganisha vizuri zaidi ukiweka pembeni ile milioni 20 ya kwenye simu na ukaweka kiasi kilichoandikwa na kusainiwa, kwa lugha unayoisoma, pamoja na nani analipa hospitali ukiumia ugenini. Kamisheni ya ngumi za kulipwa ndiyo inayotoa kibali cha bondia kutoka nje. Usikubali kuondoka bila hicho hata ukiambiwa "tutamalizia huko huko".

Rafiki zako wamekutajia Hassan Mwakinyo. Ni kweli, Septemba 2018 alikwenda Birmingham kama mtu wa kupigwa, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, na nchi nzima ikajua jina lake. Kuna mfano mkubwa zaidi hata wao hawaujui. Azumah Nelson wa Ghana, 1982, aliitwa kuziba nafasi kama wewe, akapelekwa New York kwa Salvador Sánchez, bingwa wa dunia. Alipigwa raundi ya kumi na tano. Alipoteza! Na bado usiku ule ndio uliomfungulia milango, miaka miwili baadaye mkanda wa dunia ukawa wake. Kwa hiyo kwenda kuziba nafasi si lazima iwe kwenda kuchinjwa, na kushindwa vizuri huwa na faida yake. Lakini wote wawili walikuwa vijana wanaopanda, kwenye uzito wao, na sijasoma popote kwamba vichwa vyao viliamka vizito. Halafu wewe uko kijiweni, unajua zaidi yangu wangapi wamepanda ndege ya namna hii wakarudi kimya kimya na miwani ya jua. Hao hawatajwi kwenye kahawa.

Usidhani nimekwenda upande wa nyumbani. Huko nako nina maswali.

Kwanza, la nyumbani ni pambano pia. Yule wa Pasua hatakurushia maua. Pili, milioni moja na nusu unayoahidiwa inasubiri tiketi na mdhamini, na mabondia wa nchi hii wana hadithi za kupanda ulingoni wakidai na kushuka wakidai. Omba kiasi fulani kabla. Tatu, na hili ndilo ningependa ulifikirie bila haraka, je, mkanda huo ndio utakaofuta mwaka 2021? Marvin Hagler alipoteza kwa Sugar Ray Leonard Aprili 1987 kwa majaji waliogawanyika, na hakuwahi kukubali kwamba alishindwa, mpaka anafariki 2021. Alitaka warudiane, Leonard hakumpa nafasi hiyo. Akachoka kusubiri, akaondoka zake Italia akacheza filamu, hakurudi ulingoni tena. Leo ukiwauliza wapenda ngumi, hakuna anayelitaja jina lake kwa kulidharau. Sisemi uige. Wewe si Hagler, na kinyozi wako si waandishi wa Las Vegas. Nasema tu kwamba huenda deni unaloliona kwa machalii wa Unga wao hawalioni kama deni. Wanapokuuliza "unamrudia lini", huenda ndiyo salamu yao. Wengine watakuuliza hata ukishampiga, watabadilisha jina la mpinzani tu.

Na umesema ukimpiga utakuwa "umemaliza", hata ukiacha kesho yake. Hilo neno limenikaa. Kuna sehemu ya moyo wako inayotafuta mlango wa kutokea? Kama ipo, usiione aibu, una miaka 31 na mapambano 25. Ila mtu anayetafuta mlango huchagua tofauti na mtu anayepanda ngazi. Wa kwanza anaweza kutaka pesa ya kuanzia bajaji, au anaweza kutaka usiku mmoja wa kuagana na watu wake. Wa pili hawezi kuchukua kipigo cha kilo 66 hata kwa dola mara mbili ya hizo, kwa sababu rekodi yake ndiyo duka lake. Mimi kwa barua siwezi kujua wewe ni yupi.

Kuna na njia za katikati ambazo sijui kama umeziuliza. Hao wa Ulaya wanahitaji mtu haraka, na anayehitaji haraka husikiliza. Unaweza kuomba uzito wa makubaliano, kilo 63 na nusu, na sharti la mpinzani asiongeze kupita kiasi baada ya kupima. Unaweza kuomba raundi sita. Wakikataa yote bila hata kukuuliza hali, na hilo ni jibu. Kwa huyu promota wa nyumbani, unaweza kuuliza kama tarehe inasogea miezi miwili, ambayo itakifaa kichwa chako pia. Hatari yake naiona. Ukivuta sana kamba pande zote mbili unaweza kubaki mikono mitupu, na lenta ikakaa mwaka wa tano. Hilo nalo lipime na mwenzako.

Mwenzako nimemfikiria sana. "Sitaki siku moja uniambie nilikuzuia." Wewe umeisikia kama ruhusa. Mimi, mwanamke niliyewahi kusema maneno ya aina hiyo kwa sababu nyingine, nimesikia mtu mwenye la kusema ambaye hajaulizwa vizuri. Ulimuuliza achague pambano. Hukumuuliza anaona nini asubuhi unapoamka. Yeye ndiye anayekuona kabla ya chai.

Na Kocha. Unasema unajua umemvunja moyo, lakini katika barua nzima hakuna sentensi hata moja aliyosema yeye. Alikaa kimya, hakuja siku mbili, na wewe ukajaza mwenyewe hayo mengine. Mzee wa miaka 66 mwenye sukari anaweza kukosa mazoezi siku mbili kwa sababu nyingi. Anaweza kuwa amekasirika, ndiyo. Anaweza pia kuwa alikuwepo kwenye kona yako Dar, akakuona ulivyozima, na hajui amwambieje mtoto aliyemlea kwamba anaogopa. Msumari ule aligonga wewe ukiwa na miaka 20. Sijui kama mtu anayeugonga akiwa na macho anautazama vile vile macho yanapokwisha. Nenda kwake nyumbani, si jimu. Usiende na swali la lipi. Kaa naye, mwambie habari ya asubuhi zako, kisha unyamaze wewe, aongee yeye.

Ijumaa ni tarehe ya wakala, si yako. Mwambie unasubiri majibu ya hospitali, na umsikilize anavyopokea neno hilo.

Shangazi